Umefungua mlango, je mifereji umeifungulia?

Marufuku ya korona ya kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa na Mandera ilipoondolewa tarehe 7 Julai 2020, wengi waliotuandikia walikuwa wameshashika funguo za biashara zao. Tulianza na maswali haya.

Mkahawa wangu una mita 40 za mraba. Niketishe wateja wangapi? (Kisauni)

Kanuni ya mwaka 2020 ilikuwa watu 4 kwa kila mita 10 za mraba, na mita 1.5 baina ya meza na meza. Hesabu ya haraka ni 16, ila usipime ukuta kwa ukuta. Toa kaunta, jiko na stoo. Zikibaki mita 30, ni watu 12. Sisi tunawahesabu na wahudumu, maana nao wanapumua. Fungua madirisha yanayotazamana. Feni ya dari katika chumba kilichofungwa huzungusha hewa ileile tu.

Jik, ile dawa ya klorini, nichanganye vipi?

Soma lebo kwanza, dawa hazilingani nguvu. Kwa meza, vitasa na sakafu lengo ni klorini ya asilimia 0.1. Ikiwa chupa ni ya asilimia 3.5, tia kama mililita 290 upate ndoo ya lita 10. Ikiwa ya asilimia 5, mililita 200. Tumia maji baridi. Osha kwa sabuni kwanza na usuuze, kwani mafuta na uchafu huimaliza klorini kabla haijafanya kazi. Kisha paka, uache palowe dakika 10. Ndoo ya jana imwage, hasa ikiwa ililala juani. Usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo: hutoka gesi ya sumu. Na kumnyunyizia mteja dawa mlangoni, acha kabisa. Humdhuru macho na ngozi, na virusi alivyonavyo kifuani havitikisiki.

Gesti yangu imefungwa tangu Machi. Nimeshapiga deki na kufua mashuka. Kuna jingine? (Malindi)

Maji, na hili ndilo watu husahau. Maji yaliyolala katika mabomba kwenye joto la kati ya nyuzi 20 na 45 hustawisha bakteria wa lejionela, ambao mtu huwavuta kwa mvuke wa shawa wakamletea nimonia. Tangi lililo juu ya paa la Pwani limo humo humo mwaka mzima. Limwage, lisugue, lijaze upya. Vua vichwa vya shawa, uvitoe ukoko wa chokaa na kuviloweka katika maji ya Jik. Kisha fungulia mifereji mmoja mmoja, ukianza ulio karibu na tangi hadi wa mwisho, baridi kwanza halafu moto, angalau dakika 5 kila mmoja. Mpira wa shawa utumbukize ndani ya ndoo ili maji yasirushe mvuke, dirisha liwe wazi, nawe usiinamie hapo. Hita ipandishe hadi nyuzi 60. Mwisho, mimina maji katika kila tundu la sakafu: kile kipinda cha bomba kikikauka, harufu na mende hupanda moja kwa moja.

Mbona Julai 2020 ibada ilikuwa watu 100 kwa saa moja tu, na baa zilibaki zimefungwa? Si serikali ingefungua vyote?

Dalili zinaweza kuchukua hadi siku 14 kujitokeza, kisha kuna kupima na kungoja majibu. Ukifungua baa, ibada na matatu zilizojaa kwa wiki moja, wagonjwa wakiongezeka hutajua ufunge ipi, utafunga zote. Hatua moja, ungoje siku 14, utazame vipimo, ndipo nyingine. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitaka vipimo vyenye virusi viwe chini ya asilimia 5 kwa wiki 2.

Kipima joto mlangoni kinatosha?

Hapana. Mtu huweza kuambukiza siku mbili kabla hajahisi homa. Na aliyetembea juani kipaji chake husoma juu hata akiwa mzima. Akipita nyuzi 37.5, mpe kiti kivulini nje, mpime tena baada ya dakika 10.