Mpangaji ana haki ya kuongea kwenye mkutano wa mtaa

Ndugu yangu, umeuliza kama wewe mpangaji uliyehamia Uyole juzi tu una haki ya kusimama kwenye mkutano wa mtaa. Unayo. Mkutano ule ni wa wakazi wenye miaka 18 na kuendelea, si wa wenye nyumba. Anza kwa kujitambulisha kwa balozi wako wa nyumba kumi, kisha ujiandikishe ofisini kwa mtendaji wa mtaa.

Hapa kwetu Mbeya nilikaa kimya miaka mitatu huku mtaro wa mbele ya nyumba ukiziba. Masika ikifika, maji yanaingia hadi jikoni, na matope mekundu yanabaki kwenye jamvi. Siku niliyonyoosha mkono, mama mmoja muuza ndizi akasimama, kisha wengine watano. Hoja ikaandikwa kwenye muhtasari. Hapo ndipo penyewe: hakikisha imeandikwa! Maneno matupu hayapandi kwenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti, muhtasari unapanda.

Mapato na matumizi yakisomwa, uliza. Ni haki yako, na uliza kwa heshima, maana hawa viongozi tuliwachagua wenyewe Novemba 2024 na tutaonana nao hadi 2029.

Baraza la madiwani nalo hukaa kila robo mwaka. Unaruhusiwa kuingia ukasikiliza, ila kuchangia hapana.

Vaa sweta tu, mikutano ya asubuhi Uyole ina baridi kweli.