PA wa Texas anaruhusiwa kukuandikia dawa gani? Yajue kabla hujafika famasi

Wengi wetu hapa Houston tukienda kliniki hatumwoni daktari. Tunamwona PA, msaidizi wa daktari, na mimi ni mmoja wao. Anakuuliza maswali, anakusikiliza kifua, anaagiza vipimo, anakuandikia dawa, mnaagana. Ukitoka na dawa ya presha, ya kisukari au antibiotiki, huwezi kujua kama aliyekuandikia ni daktari au ni sisi. Kazi inafanana, na famasi wanakupa dawa zako bila neno.

Shida huanza pale dawa inapokuwa ya maumivu makali, ya usingizi, ya wasiwasi, au ile ya mtoto asiyetulia darasani. Hapo ndipo watu wanapokasirika, na ndipo ninapopigiwa simu usiku na shemeji wa mtu nisiyemjua. Naulizwa kanisani, naulizwa msibani, naulizwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Kwanza achana na wazo kwamba Marekani ina sheria moja. Kazi hii ilianza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, Dkt. Eugene Stead alipowachukua vijana wanne waliokuwa wametoa huduma za tiba katika jeshi la majini akaanza kuwafundisha. Ruhusa ya kuandika dawa haikuja kwa pamoja. Kila jimbo lilijiamulia lenyewe, na la mwisho lilikuwa Indiana, mwaka 2007. Kwa dawa zinazodhibitiwa, yaani zile zinazoweza kuleta uraibu, Kentucky ilikuwa bado inakataa mpaka mwaka 2020, na ndugu zetu Wakongo wa Louisville wanaweza kukusimulia. Kwa hiyo binamu yako wa California akikwambia "PA wangu ananiandikia hiyo bila shida," huenda anasema kweli. Lakini wewe uko Texas.

Kinachobeba uzito ni madaraja. Serikali ya shirikisho imezipanga dawa zinazodhibitiwa katika madaraja matano. La kwanza ni la vitu kama heroini, ambavyo hakuna anayekuandikia. La pili ndilo lenye vita: dawa za maumivu makali kama morfini, oksikodoni, fentanili na haidrokodoni, pamoja na dawa za watoto wa ADHD, wale wasiotulia darasani, kama Ritalin na Adderall. La tatu lina testosteroni na vidonge vya kodeini iliyochanganywa na parasetamoli. La nne lina diazepamu na tramadoli. La tano lina baadhi ya dawa za kikohozi zenye kodeini kidogo. Haidrokodoni iliyochanganywa na parasetamoli ilikuwa daraja la tatu mpaka Oktoba 2014, ikapandishwa la pili. Ukikutana na mzee anayeapa kwamba zamani PA wake alikuwa anamwandikia, usimbishie.

Sasa Texas. Daraja la tatu, la nne na la tano naweza kukuandikia kliniki, ila dawa zisizidi za siku 90, pamoja na rifili zake, yaani kuongezewa dawa kwa cheti kilekile. Zikiisha, kabla ya kukuongezea lazima nizungumze na daktari wangu, na mazungumzo hayo yaandikwe kwenye faili lako. Mtoto akiwa chini ya miaka miwili, lazima nizungumze na daktari kabla hata ya ile ya kwanza. Daraja la pili kliniki siandiki kabisa. Ni ndani ya hospitali tu, kwa mgonjwa aliyelazwa kwa matarajio ya kukaa saa 24 au zaidi, au aliye chumba cha dharura, na kwa kufuata taratibu zilizopitishwa na madaktari wa hospitali hiyo. Nje ya hapo imebaki huduma ya wagonjwa walio mwishoni mwa maisha.

Soma tena hapo. Mtu ni yuleyule, leseni ni ileile, dawa ni ileile. Kilichobadilika ni jengo.

Mzee mmoja wa Bukavu alikuja kliniki na mkono wake kwenye bandeji, amevunjika kazini. Alikuwa ametoka chumba cha dharura siku chache nyuma. Akatoa kichupa mfukoni, akakitikisa mara mbili ili nisikie kilivyo kitupu, akakiweka juu ya meza mbele yangu. "Mwanangu, kule ku hospitali mutu kama weye njo alinipatia iyi dawa. Sasa weye unakataa juu ya nini?" Nikajua anavyowaza: huyu binti ananibagua, au hajasoma vizuri. Nikageuza karatasi ya kliniki, nikamchorea nyumba mbili, moja hospitali na nyingine hapa tulipo, nikaandika jina la dawa chini ya hospitali na kulikata chini ya kliniki. Akaitazama muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo nimelisikia kwa wengi: "Basi docteur iko wapi?" Hilo ndilo swali lenyewe! Daktari wangu msimamizi alikuwa anapatikana kwa simu. Tulikubaliana kwamba maumivu yale hayahitaji tena daraja la pili, nikamwandikia kitu kingine. Ingekuwa anaihitaji kweli, daktari ndiye angeituma, si mimi.

Wagonjwa wengi pia hawajui kwamba dawa unayopewa wodini na dawa unayokwenda kuchukua famasi si kitu kimoja mbele ya sheria. Sheria ya shirikisho inasema wazi kwamba agizo la dawa kwa mgonjwa aliye kitandani hospitalini, ili apewe hapohapo, halihesabiwi kuwa cheti cha dawa. Ni agizo tu. Kwa hiyo nesi akikuchoma morfini kwa agizo la PA, hilo lina njia yake: hospitali imemkagua PA huyo, imempa orodha ya anachoruhusiwa kufanya, na dawa haitoki nje ya mlango. Cheti kinatoka nje. Kinakwenda kwa mfamasia asiyekujua, naye kisheria anabeba sehemu ya lawama kikiwa si halali. Akikikataa, au akipiga simu kliniki huku wewe umesimama na foleni inakutazama mgongoni, hajakutukana. Analinda leseni yake.

Nyuma ya kila PA wa Texas kuna mkataba wa maandishi na daktari. Unataja aina za dawa na vifaa tunavyoruhusiwa au tusivyoruhusiwa kuandika, namna ya kushauriana, namna ya kupeleka mgonjwa kwa bingwa, na namna daktari atakavyokagua kazi yetu. Tunapitia mafaili na kukutana kila mwezi, na mkataba unapitiwa kila mwaka. Kwa kawaida daktari mmoja haruhusiwi kuwa na zaidi ya saba wa namna yetu, wauguzi wenye ruhusa ya kuandika dawa wakiwemo, isipokuwa hospitalini na sehemu zenye uhaba wa huduma. Ndiyo sababu cheti chako kinaweza kuwa na jina la daktari ambaye hujawahi kumwona sura. Wengine wakiliona wanadhani wamepewa dawa ya mtu mwingine. Tulia, huyo ni bosi wangu.

Mkataba unaweza kubana kuliko sheria. Kuna kliniki ambazo daktari amesema hataki PA wake aandike tramadoli wala diazepamu, basi, ingawa Texas inaruhusu. Usimwambie PA "nimesoma mtandaoni unaruhusiwa." Muulize: "Mkataba wenu hapa unakuruhusu kuandika dawa hii? Kama hapana, nimwone nani?" Swali hilo linaokoa muda wa kila mtu.

Waliosomea nyumbani hawapaswi kushangaa sana. Nilikuwa tabibu Tanzania kabla sijaja huku, na orodha ya taifa ya dawa muhimu ilikuwa inatubana vilevile: dawa yenye herufi A ipo mpaka zahanati, B ni kuanzia kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D ya mkoa, na S ni za mabingwa. Kule nako jengo linahesabika. Tofauti ni kwamba nyumbani, ukiwa peke yako zahanati na gari la wagonjwa halijulikani litafika lini, hakuna mfamasia wa kukupigia simu kukuuliza kwa nini. Huku yupo, na mfumo wa kompyuta upo.

Huo mfumo ndio unaowatia watu hofu. Tangu Machi 2020, kabla ya kumwandikia mtu dawa za jamii ya afyuni kama morfini, dawa za jamii ya diazepamu, babichureti (dawa za kutuliza na za usingizi) au karisoprodoli (ya kulegeza misuli), sheria ya Texas inamtaka anayeandika aangalie kwanza kumbukumbu za jimbo kuhusu dawa alizochukua mgonjwa. Naona famasi gani, lini, vidonge vingapi, nani aliandika. Si upelelezi na si uhamiaji. Ila ukiniambia hujawahi kupewa dawa ya maumivu na mimi naona ulichukua Jumanne, mazungumzo yetu yameharibika, na huenda ulisahau tu kwa sababu ulikuwa na maumivu. Sema mapema. Leta vichupa vyote, hata vitupu, hata vile vya nyumbani ulivyobeba kwenye sanduku. Tramadoli aliyokununulia kaka yako Kariakoo ni dawa ya daraja la nne huku.

Na kwa maumivu ya muda mfupi, kama jino au mfupa, Texas hairuhusu dawa za jamii ya afyuni za zaidi ya siku kumi kwa cheti kimoja, na hakuna rifili. Hiyo inamhusu hata daktari. Wagonjwa wa saratani na wale wa mwisho wa maisha hawamo.

Jambo moja nalisema kwa ukali hata kwa mama zangu. Sisi ni watu wa kugawana. Jirani anaumwa mgongo, unampa vidonge viwili vilivyobaki, unahisi umefanya wema. Angalia kichupa chako: kuna maandishi madogo yanayosema sheria ya shirikisho inakataza kumpa dawa hii mtu yeyote asiye mgonjwa aliyeandikiwa. Hawatanii. Kwa mtu ambaye karatasi zake za ukimbizi au ukazi bado zinashughulikiwa, kosa la dawa za kulevya linaweza kumfungia mlango kabisa.

Kwa matabibu wenzangu wa nyumbani wanaoniandikia wakiuliza kama stashahada yao inatosha: haitoshi. Unahitaji shahada ya kwanza, kisha programu ya PA iliyoidhinishwa, ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya miaka miwili, mtihani wa taifa, leseni ya jimbo, na ili kuandika dawa zinazodhibitiwa, usajili wa DEA, idara ya shirikisho inayodhibiti dawa za kulevya. Huo una ada ya dola 888 kwa miaka mitatu, na tangu Juni 2023 unadai mafunzo ya saa nane kuhusu uraibu. Namba ya DEA ya PA huanza na herufi M, kwa hiyo mfamasia anajua kwa kutupia jicho kwamba si daktari. Uzoefu wako wa kuzalisha na kushona majeraha utakufaa sana darasani. Kwenye karatasi hautahesabiwa.

Mwenye mtoto anayetumia dawa ya daraja la pili, panga miadi na daktari mwenyewe, na useme hivyo unapopiga simu, kwa sababu wa mapokezi atakupa nafasi ya kwanza aliyonayo, ambayo mara nyingi ni ya PA. Dawa hizo hazina rifili, kila mara ni cheti kipya, na kwa kawaida hutumwa kwa kompyuta moja kwa moja famasi. Piga simu wiki moja kabla hazijaisha. Usingoje Ijumaa jioni, daktari akiwa ameshaondoka na mimi niliyebaki kliniki siruhusiwi kukusaidia.