Nimeongeza RAM, sasa Ubuntu inaganda: niipige upya?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina steshonari hapa Ujiji, natumia laptopu yenye Ubuntu, aina ya Linux. Ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 4. Wiki iliyopita nilinunua ya GB 8 iliyotumika, kule Mwanga, hapa hapa Kigoma, nikaichomeka sloti ya pili. Sasa ikifika kama nusu saa inaganda, mara inajizima na kuwaka yenyewe, na jana ilitoa maandishi "Kernel panic". Kijana mmoja kaniambia Linux haipatani na RAM kubwa, nipige Windows. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Usipige chochote kwanza. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 kwenye orodha ya zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux, na RAM zake si za GB 12. Huyo kijana mwache.

Ila zima mashine sasa hivi, chomoa hiyo ya GB 8, ndipo uendelee na kazi za wateja. RAM mbovu haiishii kugandisha. Kila faili hupita humo kabla ya kuandikwa kwenye diski, hivyo herufi ikipinda njiani, inahifadhiwa ikiwa imepinda, na hakuna wa kukuambia.

Kosa la programu huwa na makao: unabonyeza pale pale, linaanguka pale pale. La RAM linatangatanga. Niliwahi kuipiga Ubuntu mara tatu kwenye mashine ya mteja. Mara ya kwanza ilikwama ikinakili mafaili, ya pili ikadai kifurushi kimeharibika, ya tatu ikamaliza kisha ikagoma kuwaka. Nikabadilisha flashi, nikalaumu diski. Kumbe RAM. Siku nzima ilikwenda, na hela ya kazi niliona aibu kuidai.

Hata nusu saa yako ina maelezo. Linux haipendi RAM ikae bure. Sehemu iliyobaki inaitumia kutunza mafaili uliyokwisha kuyafungua. Ukiwasha haijafika mbali. Ukishafanya kazi kidogo, inajaa mpaka kwenye sehemu mbovu.

Sasa soma lebo za RAM zote mbili. Ile ya zamani nahisi imeandikwa PC3L, mpya PC3 bila L. Hizo ni DDR3 zote (kizazi kimoja cha RAM), zina pini 204, zinaingia sloti moja bila kulazimishwa, lakini PC3L inatosheka na volti 1.35 na PC3 inataka 1.5. Laptopu nyingi za DDR3 za kuanzia 2013 zinatoa 1.35 tu. Hapo RAM inaweza kuwa nzima kabisa, ila inafanya kazi na njaa.

Lebo zikifanana, chomoa chaja na betri, shika chuma kidogo utoe umeme wa mwilini, sugua meno ya dhahabu kwa kifutio laini (vumbi letu unalijua), kisha rudisha ile mpya peke yake kwenye sloti ya zamani mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Weka memtest86+ (programu ya kupima RAM) kwenye flashi, washia hapo, iache usiku kucha. Mstari mmoja wa kosa unatosha, usijadiliane nao. Ikipita salama, ihamishie sloti ya pili upime tena; ikikosea huko tu, sloti ndiyo mgonjwa.

Ukitaka kuona mashine ilisema nini kabla ya kuzimika, fungua Terminal (dirisha la kuandikia amri), andika:

journalctl -k -b -1

Ukikuta "Hardware Error", tatizo ni la vyuma. Ukikuta "Out of memory", hiyo ni kesi nyingine, RAM iliisha tu. Usipokuta kitu usishangae: ikikatika ghafla, mistari ya mwisho haiwahi kufika kwenye diski.

Ukishabaki na RAM nzima, weka debsums (programu ya kukagua mafaili ya mfumo) kwa amri sudo apt install debsums, kisha andika sudo debsums -s. Itataja mafaili ya mfumo yaliyoharibika, nawe utarudishia vifurushi hivyo tu. Nyaraka za wateja za wiki hii zifungue moja moja. Hapo hakuna njia ya mkato.

Halafu piga picha ile mistari ya makosa, au hizo lebo mbili, urudi nayo Mwanga kwa aliyekuuzia. Kama ile ya zamani ni PC3L kweli, mwambie unataka PC3L-12800 (namba hiyo ni kasi yake) ya GB 8, na uijaribu hapo hapo dukani kabla hujatoa hela.