Usiketi mezani ukiwa na mlango mmoja

Nina duka la matairi Kikuubo, hapa Kampala. Miaka mitano ya kwanza wakala wangu wa Mombasa ndiye aliyenipangia kila kitu: bei, siku ya kutoa kontena, hata ada za kuhifadhi mzigo nisizozielewa. Nikilalamika, ananijibu kwa upole, kisha hesabu inarudi ileile. Alijua sina pa kwenda.

Nikapitisha kontena moja Dar es Salaam, likaingilia Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda. Gharama ilizidi na mzigo ulichelewa. Lakini mwezi uliofuata wakala alinipigia simu mwenyewe, na ada mbili zikafutwa kabla sijaomba.

Tangu hapo nasoma habari za nchi yetu kwa jicho la mchuuzi. Uganda haina bahari. Mwaka 2023 ilipoamua kampuni yake ya taifa, UNOC, iagize mafuta yenyewe badala ya kuyapata kupitia kampuni za Kenya, mamlaka za Kenya ziliinyima leseni. Uganda ikafungua kesi katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, huku ikizungumza na Tanzania. Kufikia Julai 2024 mafuta ya UNOC yalikuwa yakipitia Mombasa. Naamini kesi peke yake isingetosha. Hakuna nchi jirani inayopitisha mzigo mwingi Mombasa kama Uganda, na bandari haipendi kumpoteza mteja wa namna hiyo. Tena Kenya ilikwishaona kwamba hatutishi tu: mwaka 2016 bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, lilielekezwa Tanga badala ya Lamu.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayekwenda kujadiliana na mkubwa, igharamie njia ya pili kabla hujaihitaji. Piga hesabu ya atakachopoteza ukiondoka.

Na tafuta wenzako, ila uwe na subira. Mwaka 1929 Uingereza iliiahidi Misri maji ya Nile kwa niaba yetu, sisi hatukuulizwa. Nchi za juu ya mto zilianza kutia saini mkataba wao Entebbe mwaka 2010. Ulianza kutumika Oktoba 2024, baada ya Sudan Kusini kujiunga, na Misri bado inaukataa.

Sisi tuko wanne Kikuubo. Kila mwaka tunachanga kontena moja lipite Mutukula, hata Mombasa ikiwa nafuu.