Paroko akisema msilete siasa, mwonyesheni Vatikani

Dada mmoja wa Songea kaniandikia. Vijana wa parokia yao wanataka kupinga silaha zinazoua raia, lakini wameambiwa wasilete siasa kanisani. Anauliza waanzie wapi.

Dada yangu, hayo yamenipata kabla yako. Mzee mmoja wa halmashauri ya walei alisimama mbele ya watu akasema nimetumwa na wazungu. Mpaka leo salamu yake kwangu ni ya mdomoni tu. Lakini barua yetu ilimfikia mbunge, akaisoma yote mbele yetu, na hilo nalisema bila haya.

Ilisomeka kwa sababu tuliomba kitu kimoja. Amani duniani huombewa kila Jumapili, na hakuna mbunge aliyewahi kukosa usingizi kwa ajili hiyo. Sisi tuliandika hivi: Desemba 2008, kule Oslo, Tanzania ilitia saini mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya mtawanyiko. Haijauridhia, yaani haijakubali rasmi kufungwa nao. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba. Basi, Mheshimiwa, tuulizie serikali inangoja nini.

Paroko naye tulimpelekea yake: siku ileile, palepale Oslo, Vatikani ilitia saini na kuridhia. Kama ni siasa, imeanzia Roma. Alicheka, akatupa ukumbi.

Bomu lenyewe elezeni kwa maneno ya kawaida. Linafunguka angani, linamwaga vibomu vingi. Visivyolipuka vinalala shambani miaka na miaka, hadi mtoto aokote kimoja akidhani cha kuchezea. Laos wanaviokota hadi leo, na vita vyao viliisha miaka ya sabini. Mama zetu wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, walipolisikia hilo, hakuna aliyeuliza tena habari za siasa.

Na msiende peke yenu. Tulikwenda na shehe wa mtaani, akamsomea Mheshimiwa aya ya anayeua nafsi moja kuwa kama kaua watu wote. Kanzu na rozari vikiingia pamoja ofisini, katibu hathubutu kusema mrudi kesho.

Mkikata tamaa, tazameni ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 1995 Baraza la Makanisa la Msumbiji, likiongozwa katika kazi hiyo na Askofu Dinis Sengulane wa Anglikana, lilianza kupokea bunduki na kutoa majembe, baiskeli na cherehani. Isaya alitabiri panga zitafuliwa ziwe majembe, wao walitenda. Sisi tunaimba tu, tena kwa sare mpya! Mkristo anayelia na maiti za televisheni halafu akashindwa kuandika ukurasa mmoja, machozi yake ni ya bure.

Wakenya na Waganda mnaonisoma, msicheke: nanyi mlitia saini mkaacha hapohapo.

Barua ninayo, dada. Nitakutumia, badilisha jimbo na jina la mbunge. Iwe imefika kabla hajaondoka kwenda Dodoma.