Wanachama washikane, waungane au washikamane?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Dunda, hapa Bagamoyo. Juzi jioni barazani mazungumzo yaliangukia kwenye vyama vinavyotafuta mgombea wa urais, jinsi watu wa chama kimoja wanavyochafuana hadi chama kinabaki na majeraha. Mwenzetu mmoja akasema jina likishapitishwa, wanachama wote "washikane". Mzee mmoja akamkatiza: "Wakishikana si ndiyo watapigana? Sema washikamane." Wa tatu akadai maneno hayo ni mamoja, na hata "waungane" ni sahihi. Tulibishana hadi adhana ya Isha. Kuna tofauti gani? Na huyo aliyechukua fomu ndani ya chama tumwite mgombea au mtia nia?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mzee wenu amesema kweli, na nimefurahi kwamba bado kuna baraza linalobishania viambishi hadi Isha.

Tuanze na shika. Ukiongeza -ana unapata shikana, kauli ya kutendana: huyu anamshika yule, na yule anamshika huyu. Kitenzi chenyewe hakisemi kama wameshikana kwa heri au kwa shari. Hilo husemwa na neno linalofuata. Wakishikana mikono, wamepatana. Wakishikana mashati, kimbieni mkaamue. Wakishikana uchawi, hapo kila mmoja anamtuhumu mwenzake na hakuna anayemwamini mwingine, na nadhani hiyo ndiyo hali ya vyama vingi siku moja baada ya majina kukatwa. Kwa hiyo "wanachama washikane" ni sentensi iliyokatika njiani. Msikilizaji anangoja aambiwe washikane nini.

Katika shikamana kuna kitu cha ziada, hiyo -ma- ya katikati. Ni ya kauli ya kutendama, ile tunayoisikia katika inama na kwama, na huonyesha kitu kikikaa katika hali fulani bila kuachia. Nenda ufukweni kwa mafundi wa majahazi uangalie ubao unavyokutana na mwenzake. Kati yao kuna ufa, na fundi hauachi hivyo hivyo. Huchukua pamba iliyopakwa mafuta, akaisokomeza kwa patasi butu na nyundo, kidogo kidogo, hadi ufa uzibe. Hiyo ndiyo kalafati. Kila ubao unabaki ubao, na mafundo yake na rangi yake, lakini maji hayapati pa kupita. Mbao hizo zimeshikamana.

Jozi nyingine itakusaidia kulikumbuka hili: fungana na fungamana. Timu mbili zikifungana bao moja kwa moja, kila moja imemwumiza mwenzake. Lakini tunasema nchi zisizofungamana na upande wowote, yaani nchi ambazo hazikujifunga upande mmoja zikakaa huko. Mtu akisema "nchi zisizofungana" utadhani anazungumzia kandanda.

Sasa kuungana. Hapa simkubalii rafiki yako wa tatu hata kidogo. Kuungana kunataka vitu viwili vilivyokuwa mbalimbali. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964. Vyama vya TANU cha Tanganyika na ASP cha Zanzibar viliungana tarehe 5 Februari 1977 vikazaa Chama Cha Mapinduzi, CCM. Huko kitenzi kimekaa mahali pake. Lakini wanachama wa chama kimoja, wenye kadi moja na katiba moja, ukiwaambia "tuungane" umeshakiri kwamba wamekuwa vyama viwili. Kiongozi anayetaka kuponya jeraha asiseme hivyo. Aseme "tuvunje makundi", kwa kuwa makundi ndiyo yaliyozuka, kisha aseme "tushikamane".

Mifano iko karibu na nyumbani. Mwaka 1995, katika mkutano mkuu wa CCM, Jakaya Kikwete wa Msoga, huku huku kwetu, aliongoza raundi ya kwanza ya kura za kumpata mgombea wa urais. Ya pili akashinda Benjamin Mkapa. Kuongoza kisha kushindwa ni jambo linalochoma, na wafuasi wake wangeweza kususa. Lakini Kikwete akabaki, Mkapa akamfanya waziri wa mambo ya nje, akakaa katika wizara hiyo miaka kumi, na mwaka 2005 zamu ikawa yake. Hapo sema walishikamana. Ukisema waliungana umepotosha historia, kwa sababu hawakuwahi kutengana.

Wamarekani nao walipitia jambo kama hilo mwaka 2008. Barack Obama na Hillary Clinton walivutana katika uchaguzi wa mchujo wa chama cha Democratic hadi Juni, na wafuasi wao walikuwa wamechukiana hasa. Clinton alijitoa tarehe 7 Juni. Tarehe 27 wakasimama jukwaa moja katika mji mdogo wa New Hampshire uitwao Unity, jina ambalo maana yake ni umoja, mahali ambapo katika kura za mchujo kila mmoja alikuwa amepata kura 107. Agosti, kwenye mkutano wa chama mjini Denver, Clinton mwenyewe ndiye aliyeomba Obama apitishwe kwa kauli moja. Mwaka uliofuata akawa waziri wa mambo ya nje, kama Kikwete. Jukwaa la Unity lilikuwa kushikana mikono mbele ya kamera. Yaliyofuata kwa miaka minne ndiyo kushikamana. Lugha yetu inaweza kuyatenganisha mambo hayo mawili kwa silabi moja, na inanisikitisha tukiyachanganya.

Chama kinaposhindwa kushikamana, hapo pia chagueni kitenzi kwa uangalifu. Watu husema "kimepasuka" kwa kila kitu. Kugawanyika ni kuwa na pande mbili ndani ya kitu ambacho bado ni kimoja. Kumeguka ni kipande kutoka, kikubwa kikabaki. Kusambaratika ni kutobaki kitu cha maana. Mwaka 2015 CCM ilikuwa na watia nia zaidi ya 30. Kamati Kuu ikabakiza majina matano, la Edward Lowassa halikuwemo, na ukumbini Dodoma wapo wajumbe waliomwimbia hadharani wakionyesha imani yao kwake. Siku hizo ungesema chama kimegawanyika. Mwishoni mwa Julai, Lowassa alipohamia Chadema, chama cha upinzani, na wengine wakamfuata, ungesema kimemeguka. Hakikusambaratika: katika uchaguzi wa urais, John Magufuli wa CCM alipata asilimia 58.46 na Lowassa asilimia 39.97, kisha Machi 2019 Lowassa akarudi CCM. Na vile vyama vya upinzani vya UKAWA, yaani Umoja wa Katiba ya Wananchi, vilivyomsimamisha, hivyo ndivyo vilivyoungana, kwa sababu vilikuwa vinne.

Kuhusu umoja, niongeze tahadhari moja. Neno hili tumelizoea kwenye nembo ya taifa, Uhuru na Umoja, na ni zuri. Ila ndani ya vyama limepata kazi ya pili, kuita jumuiya: Umoja wa Vijana, Umoja wa Wanawake. Ukiandika "umoja wa wanachama", mtu anaweza kudhani umeanzishwa umoja mwingine wenye ofisi na mwenyekiti. Andika "umoja ndani ya chama" au "mshikamano wa wanachama" na hutaeleweka vibaya.

Barazani mlitaja pia kura za maoni? Kama mlitaja, jueni kwamba kwa CCM jina hilo hutumika zaidi kwenye ubunge na udiwani. Urais hupitia vikao: Kamati Kuu, Halmashauri Kuu, Mkutano Mkuu. Huo uite mchakato wa uteuzi. Na kura ya maoni, kwa umoja, ni ile ya wananchi wote kuamua jambo kama katiba.

Swali lako la mwisho ni jepesi. Aliyechukua fomu ndani ya chama ni mtia nia. Jina lake likishapitishwa na chama, ndipo awe mgombea wa chama hicho. Akishinda na kabla hajaapishwa, ni rais mteule. Magazeti huwaita wote wagombea tangu siku ya fomu, nami sipendi, kwa sababu kugombea na kugombana mama yao ni mmoja, gomba, na ndani ya nyumba moja si vizuri kulianza jambo kwa neno hilo. Andika mtia nia kwa maneno mawili, kama mpiga kura. Wingi wake ni watia nia, kama wapiga kura. Hao "mtiania" na "watiania" wa kuunganishwa waacheni.