Krenki Inayogonga Haijiponyi

Wiki hii nimechagua maswali ya krenki peke yake, ile mikono inayoshika pedeli. Mvua zimeanza, mizigo ya viazi na mkaa imerudi barabarani, na nusu ya baiskeli zinazonipita zinalia kama mlango wa banda.

Shikamoo fundi. Nina Phoenix, napandisha mkaa kutoka Ipogolo hadi mjini Iringa. Krenki ya kulia inagonga kila mzunguko. Nabadilisha pini, nakaza nati kwa nguvu zangu zote, siku chache baadaye inagonga tena. Pini za siku hizi ni feki?

Marahaba. Nyingi ni laini, kweli, lakini kabla hatujamlaumu mwenye duka tuitazame spana yako. Nati ya pini ya krenki haikazi krenki. Inazuia pini isichomoke, basi. Kinachobana ni ule mteremko wa pini, ubavu wake uliochongwa kwa kuinama, ukikaa sawasawa juu ya bapa la ekseli, ile sehemu yake iliyosawazishwa, na hapo pini hufikishwa kwa nyundo. Ukiivuta kwa nati unachuna hesi bure, na pini inabaki nusu njia.

Fanya hivi. Safisha tundu na ekseli, ingiza pini mteremko ukitazama bapa. Chini ya krenki simamisha kipande cha bomba la chuma kutoka sakafuni, tundu lake likipokea ncha ya pini. Watu wengi hawaweki egemeo hili, halafu wanashangaa gololi zimechimba vikombe: kila pigo lilikuwa linaishia kwenye gololi. Piga mapigo machache mazito, si utitiri wa vipigo vidogo, kisha kaza nati kwa kiasi. Endesha mwendo mfupi bila mzigo, rudi, piga tena, kaza nati tena. Hatua hiyo ya pili ndiyo mnayoiruka wote.

Ukienda dukani beba pini ya zamani. Kuna za milimita 9 na za 9.5, na nyembamba kwenye tundu pana itapita mpaka hesi iishe bila kubana chochote. Ile ya zamani ikiwa na ngazi kwenye mteremko wake, ujue uliendesha ikiwa imelegea siku nyingi.

Na kwa kuwa umetaja Ipogolo: kupandisha nimekusikia. Kushuka na gunia unatumia breki au soli ya kandambili?

Pedeli ya kushoto haiingii, nimeilazimisha mpaka jasho. (Uyole)

Ya kushoto hufungwa kinyume, na imeandikwa L. Swali hili hunijia kila mara, na kila mara krenki imeshaharibiwa kabla ya kuuliza.

Nimeingiza pini mpya zote mbili lakini krenki hazinyooki, moja imetangulia. (Kyela)

Pini zote zimeingia kwa mwelekeo mmoja. Geuza moja.

Fundi, nimenunua baiskeli ya gia ya mtumba Mwanjelwa, krenki za aluminiamu, tundu la pembe nne. Ya kushoto hulegea. Fundi wa mtaani ameweka kipande cha kopo ikatulia wiki moja, sasa inacheza zaidi. Nikaze vipi nyumbani?

Kopo! Nimelipigia kelele hili kopo hadi nimechoka. Ekseli ni chuma kigumu, krenki ni aluminiamu. Ukiendesha bolti ikiwa imelegea, hata kutoka Mwanjelwa hadi Uyole tu, ekseli inalitafuna tundu na pembe zake zinaviringika. Tundu likishaviringika hakuna kopo, gundi wala sala ya kulirudisha. Nunua mkono mwingine wa kushoto, na uhakikishe ni wa pembe nne na una urefu uleule, kwa kawaida milimita 170, umechongwa nyuma yake.

Mkono mpya ukazwe kwa niutoni mita 35 hadi 50, hicho ni kipimo cha nguvu ya kukaza. Huna spana ya kupimia? Funga mkono wa krenki kwenye fremu kwa mpira wa tyubu usizunguke. Weka spana ilale mlalo, elekea upande ambao uzito utakaza, halafu tundika ndoo ya lita 20 iliyojaa maji sentimita 20 kutoka katikati ya bolti. Hiyo ni kama niutoni mita 40. Ishushe taratibu, usiirushe. Kagua baada ya safari ya kwanza, kisha uache. Wanaokaza kila asubuhi wanazidi kuisukuma krenki kwenye mteremko wa ekseli mpaka inapasuka.

Nipake grisi kwenye ekseli ya pembe nne? (Igurusi)

Mafundi wanagombana juu ya hili, hata watengenezaji hawakubaliani. Mimi napaka utando mwembamba, kwa sababu vumbi na maji ya mashamba ya mpunga huko kwenu hushikanisha vyuma hivyo. Kwenye hesi za bolti hakuna mjadala: paka.

Naweza kuitoa krenki ya aluminiamu kwa nyundo? Sina pula. (Njombe)

Unaweza, na utanunua krenki na beringi. Azima pula, kile kifaa cha kuchomolea krenki. Toa kwanza bolti pamoja na washa yake. Wengi husahau washa ndani, pula inasukuma washa badala ya ekseli, na hesi za krenki zinang'oka zote. Ifunge pula kwa mkono hadi mwisho wa hesi kabla ya kushika spana. Ikigoma mizunguko ya mwanzo, imeingia upande; itoe uanze upya.